Mama Fundi Anajibu: Koki ya Nje Inapoganda

Tangu baridi ianze kuuma, barua nyingi zinazofika mezani kwangu ni za koki za nje: iliyoganda, iliyopasuka, na ile ambayo mwenyewe anaiangalia kwa wasiwasi kila jua likizama. Nimeziweka pamoja toleo hili kwa sababu jibu la mmoja linamfaa na mwenzake. Kazi ya mabomba nimeifanya miaka mingi, na ninachotamani kila mwenye nyumba akijue ni kwamba koki yenyewe ni rahisi kubadilisha. Hasara kubwa huwa kwenye paipu iliyo nyuma yake, ndani ya ukuta, mahali macho hayafiki. Kwa hiyo mtaniona narudi ukutani mara kwa mara.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Juzi asubuhi nilifungua koki ya nje nijaze ndoo, haikutoa hata tone. Kaka yangu akaleta tochi ya gesi anayolehemea mabomba, akasema ataiyeyusha mara moja. Mama akamkatalia, wakabishana, mwisho koki ikajiyeyukia yenyewe mchana. Baridi bado ipo na najua itaganda tena. Nani alikuwa sahihi, na tufanye nini siku nyingine? (Binti wa nyumbani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama alikuwa sahihi, na nawaomba wote mnaosoma hapa msiruhusu moto wa wazi ukaribie bomba lililoganda, hata kama anayeushika ni mtu wa kazi hiyo. Lehemu inayounganisha paipu za shaba huyeyuka kwenye joto la nyuzi za Selsiasi kati ya 180 na 240 hivi, kutegemea aina yake, na moto wa tochi unapita hapo kwa mbali sana. Paipu ya plastiki ndiyo kabisa, inalainika kabla barafu haijajua kuna moto. Ukuta ukiwa na mbao au sponji ndani, cheche inaweza kuingia kwenye mwanya na kufukuta polepole, nyumba ikaja kuwaka ninyi mmeshaondoka mkiamini kazi imekwisha. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Maji yaliyobanwa katikati ya vipande viwili vya barafu yakichemka, mvuke hauna pa kutokea. Paipu inaweza kupasuka usoni mwa aliyeshika tochi.

Sasa cha kufanya. Kabla hujagusa koki, ingia ndani utafute valvu inayolisha koki hiyo, yaani kifungio cha maji kilicho kwenye paipu yake, uifunge. Huenda paipu imeshapasuka na barafu ndiyo iliyoziba ufa, na ufa huo utajulikana barafu ikiyeyuka. Wapo mafundi wanaoiacha valvu wazi ili maji yakianza kupita yasaidie kuyeyusha. Ni kweli yanasaidia, lakini mimi hutaka kwanza kujua kama paipu ni nzima.

Kisha fungua koki ya nje. Hili ni la lazima, maana barafu ikianza kulegea maji na mvuke lazima vipate njia. Kama mpira wa maji umefungwa hapo, uondoe. Ukikataa kufunguka kwa sababu nao umeganda, upashe joto kwanza kwenye kiungo. Usiukaze kwa spana, kwa sababu ukizungusha koki kwa nguvu unapinda paipu iliyo ukutani.

Funga matambara mazito kwenye koki, uyamwagie maji ya moto kidogo kidogo, ukibadilisha kila yanapopoa. Au tumia draya ya nywele, ukianza mdomoni mwa koki na kurudi polepole kuelekea ukutani, ili kila kinachoyeyuka kiwe na njia ya kutoka. Draya ni umeme na hapo chini pana maji: ichomeke kwenye soketi yenye kikata umeme cha kukinga mshtuko, usisimame kwenye dimbwi, na usiiache ikiwaka peke yake.

Subira inahitajika, na sababu ipo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0, bila hata kuipandisha joto zaidi, kunahitaji joto karibu sawa na la kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Barafu inakunywa joto hilo lote huku kwa nje huoni mabadiliko. Bahati nzuri kiasi chenyewe ni kidogo, kwani mita moja ya paipu ya milimita 15 inabeba maji chini ya robo lita. Lakini joto jingi la draya linapotea hewani, na ukuta wenye baridi unavuta lililobaki. Ukiona umepasha kwa muda mrefu na koki ina joto mkononi lakini haitoi kitu, jua barafu iko ndani zaidi. Hapo acha kuishughulikia koki; ongeza joto la chumba kilicho nyuma ya ukuta huo, fungua milango ya kabati lililoficha paipu, elekeza hewa ya joto pale. Na usiingize jiko la mkaa kwenye stoo au chumba cha chini ili kupasha mabomba. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Koki ikishaanza kudondosha, mweke mtu ndani karibu na valvu. Afungue kidogo sana, huku mwingine anaangalia na kusikiliza ukuta. Kisha fungeni koki ya nje; ukisikia maji bado yanakimbia nyuma ya ukuta, afunge palepale, mwite fundi.

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Paipu yetu imepasuka. Fundi aliyekuja alikata ukuta, akatuonyesha mwanya ambapo upepo wa nje ulikuwa ukiipiga paipu, akasema barafu ilianzia hapo. Lakini ufa wenyewe uko mbele zaidi, karibu na koki. Kama barafu ilikuwa huku, kwa nini kipasuke kule? (Baba mwenye nyumba)

JIBU: Huyo fundi anajua kazi, mshikilie. Watu wengi wanadhani barafu inavimba na kuisukuma paipu kwa ubavuni mpaka inachanika palepale ilipo. Mara nyingi sivyo.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Barafu ikishaziba paipu yote na kuendelea kukua, lazima isukume maji yaliyobaki. Yaliyo upande wa mita ya maji, yanakotokea, hayana shida. Yanarudi nyuma kwenye bomba kuu, presha haipandi. Yaliyo upande wa koki yamekwama, kwa kuwa mbele kuna koki iliyofungwa na nyuma kuna barafu. Maji hayabonyeki. Kila kiasi kidogo cha barafu kinachoongezeka kinapandisha presha kwenye kile kipande kilichofungiwa, na paipu inaachia mahali palipo dhaifu zaidi, hata kama hapo hakuna barafu kabisa.

Ukitaka kujua nguvu yenyewe, angalia hivi. Presha hupimwa kwa kipimo kinachoitwa baa, na ya kawaida ya maji ya nyumbani huwa baa 3 hadi 5. Barafu iliyobanwa, kwa kila nyuzi moja inayoshuka chini ya sifuri, inaweza kusukuma kwa takriban baa 130. Ikifika nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri ndani ya paipu, hakuna kiungo cha nyumbani nitakachokidhamini. Ndiyo maana nawaambia watu wasitegemee unene wa paipu. Paipu za plastiki laini zinazoweza kutanuka huvumilia kuliko shaba, lakini viungo vyake havitanuki, na huko ndiko zinakovuja.

Dawa inatokana na maelezo hayohayo: usiache maji yamefungiwa. Koki ya nje ikibaki wazi wakati valvu ya ndani imefungwa, hata tone lililosalia likiganda lina pa kwenda. Na ule mwanya uzibwe. Paipu isiyofunikwa mara nyingi huanza kuwa hatarini hewa ya nje inapofika nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, lakini penye upepo unaoingia ukutani hesabu hiyo inavurugika na paipu inaganda mapema zaidi. Povu la kuzibia nyufa ni kazi ndogo, na ndilo linalosahauliwa kuliko vyote.

SWALI: Mama, mimi nilinunua ile koki ndefu inayouzwa kama isiyoganda. Nimeilipia zaidi ya koki ya kawaida, na bado imepasuka. Nimedanganywa? (Msomaji aliyekata tamaa)

JIBU: Pole sana. Huenda hukudanganywa, ila hukuelezwa.

Koki hiyo ina shina refu, sentimita 15 hadi 30 na zaidi, linalopita ukuta mzima. Unazungusha mpini nje, lakini raba inayofunga maji iko mwisho wa shina, ndani ya nyumba penye joto. Ukifunga, maji yaliyobaki kwenye mrija yanatiririka nje yenyewe, mrija unabaki mtupu. Kisichokuwa na maji hakigandi. Ufundi wake wote umekaa hapo.

Kwa hiyo chochote kinachozuia mrija kumwaga maji kinaiharibu, na kinachoongoza ni mpira wa maji ulioachwa umefungwa mdomoni. Mpira ukiwa umejaa, au ukiwa na koki yake ya kubana mbele, maji ya mrija hayatoki. Yanaganda mle ndani, na mrija unachanika ukutani. Vivyo hivyo kwa kigawanya maji cha njia mbili mlichokiacha hapo mwaka mzima.

La pili ni mteremko. Koki hiyo hupachikwa ukutani ikiinama kidogo kuelekea nje. Fundi akiipachika ikiwa imelala sawa, au mbaya zaidi imeinamia ndani, maji yanabaki chini ya mrija kila siku. Weka pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, juu ya mrija, au angalia tu: ukifunga koki inapaswa kuendelea kudondosha kwa muda mfupi halafu ikauke. Isipodondosha kitu chochote baada ya kufunga, niandikie tena, maana mteremko wake una walakini.

La tatu ni raba iliyochakaa. Koki ikivuja tone moja moja usiku wa baridi, tone hilo linaganda mdomoni, barafu inajenga kurudi nyuma, mrija unajaa. Raba ni kitu kidogo. Ibadilishwe kabla ya majira ya baridi.

Jambo linalonisumbua zaidi kuhusu koki hizi ni kwamba zikipasuka haziongei. Ufa uko mbele ya raba, kwa hiyo koki ikiwa imefungwa hakuna tone linalovuja. Baridi yote inapita, nyumba kavu, kila mtu anafurahi. Siku ya kwanza ya joto mtu anafunga mpira, anafungua koki amwagilie maua, na maji yanamwagika ndani ya ukuta kwa muda wote anaomwagilia. Kwa nje anaona presha imepungua kidogo tu. Anayegundua ni aliye chumba cha chini.

SWALI: Je, nikiiacha koki ya nje idondoke usiku kucha inatosha?

JIBU: Kwa bomba la ndani lililo kwenye ukuta wa nje, ndiyo, inasaidia: maji yanayosogea yanaleta joto kidogo kutoka chini ya ardhi, na koki iliyo wazi haijengi presha. Kwa koki ya nje mimi sipendi. Maji yanaganda mdomoni na chini, asubuhi una mlima wa barafu mahali watu wanapopita. Kama huna njia nyingine kabisa na usiku ni mmoja, acha mkondo mwembamba unaotiririka badala ya tone moja moja, na uelekeze maji mbali na njia. Kisha kesho yake utafute suluhisho la kweli.

SWALI: Fundi, nimesoma kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi. Jirani amenizuia kumwagia koki maji ya moto kwa sababu hiyo, anasema nitazidisha tatizo. Ni kweli? (Mwanafunzi)

JIBU: Swali zuri, na lina jina la mmoja wetu. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari Tanganyika, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu alioutia kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya wa wenzake uliopoa. Alichekwa, hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha matokeo ya majaribio yao, na leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu lini linatokea na kwa nini.

Lakini halihusiani na koki yako. Unapoyeyusha, hupangi kuyaacha yale maji ya moto yakae pale yagande. Unayatumia kupeleka joto kwenye chuma, kisha yanadondoka. Tatizo la maji ya moto ni namna ya kuyamimina. Ukiyamwaga yakiwa yanachemka moja kwa moja juu ya koki yenye baridi kali, chuma kinatanuka ghafla upande mmoja na kinaweza kupata ufa. Maji mengi yanaanguka chini bila kufanya kazi, na baada ya muda yanakuwa barafu miguuni pako. Ndiyo maana nasema matambara: yanashika joto mahali linapohitajika. Maji yawe ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, halafu ukaushe sehemu ya kusimama.

Kwa kuwa unapenda sayansi, nakuongezea kitu ambacho utakiona mwenyewe. Maji yaliyotulia ndani ya paipu yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakiwa bado maji. Kisha ghafla vipande vyembamba vya barafu vinaota ndani yake na kusambaa paipu nzima kwa muda mfupi. Barafu yenyewe bado kidogo, lakini inatosha kuzuia maji yasipite. Kwa hiyo koki inaweza kukataa kutoa maji kabla paipu haijafika kwenye hatari ya kupasuka. Ukiikuta hivyo mapema, ukaifungua na kuipasha joto, umeiwahi.

SWALI: Dada, sisi ni wapangaji. Koki ya nje ni ya kawaida, fupi, na sijaona valvu yoyote ndani. Mwenye nyumba hapokei simu. Tufanye nini kwa uwezo wetu? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Kwanza tafuta tena hiyo valvu, mdogo wangu, kabla hujaamua haipo. Simama nje kwenye koki, pima kwa macho urefu kutoka kona ya nyumba, kisha ingia ndani uende mahali hapohapo: chini ya sinki, nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya kabati, kwenye dari ya chumba cha chini, penye tangi la maji ya moto. Mara nyingi imefichwa na vitu vya nyumba. Ukiipata, funga, toka nje ufungue koki, kisha rudi ndani uangalie kama valvu ina kifuniko kidogo cha duara ubavuni. Hicho ni cha kumwagia maji. Weka ndoo chini, ulegeze polepole; hewa inaingia na maji yaliyobaki kati ya valvu na koki yanatoka. Wengi wanafunga valvu na kusahau kifuniko hicho, kumbe maji bado yamening'inia kwenye paipu kwa sababu hewa haikupata pa kuingilia. Ukimaliza, rudisha kifuniko, na koki ya nje iache wazi majira yote.

Kama kweli haipo, ondoa mpira wa maji leo hii, umwage maji yake, uuweke ndani. Halafu funika koki. Kifuniko cha povu kinachobanwa ukutani ni bora, lakini matambara makavu yaliyozungushwa mara nyingi, yakafunikwa na mfuko wa plastiki uliokazwa kamba, yanafanya kazi. Yakilowa hayana maana, kwa hiyo hakikisha koki haivuji.

Ni muhimu uelewe kifuniko kinafanya nini. Ni kama blanketi: halitengenezi joto, linazuia lililopo lisikimbie. Joto lenyewe linatoka ndani ya nyumba kupitia ukuta na paipu. Kwa hiyo kifuniko lazima kibane ukutani bila kuacha nafasi, na chumba kilicho nyuma kiwe na joto. Ukizima joto la chumba hicho na kufunga mlango wake ili kupunguza gharama, kifuniko hakitakuokoa usiku wa baridi kali. Na umwandikie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi, wenye tarehe, ukimweleza kwamba koki haina valvu ya ndani na inaweza kuganda. Uuhifadhi. Simu isiyopokelewa haiachi alama.

SWALI: Kebo za kupasha joto paipu zinafaa? Naogopa moto.

JIBU: Zinafaa, na hofu yako ina msingi. Ziko za aina mbili. Ya kwanza inatoa joto lilelile wakati wote; ukiizungusha ikajipanda yenyewe, hapo ilipojipanda inaungua. Ya pili inajirekebisha, inapunguza joto yenyewe pale paipu inapokuwa na joto la kutosha. Ukiweza nunua hii ya pili. Soma maelekezo yake yote: aina gani ya paipu inaruhusiwa, kama inaruhusiwa kufunikwa na sponji, na kwamba haikatwi kufupishwa isipokuwa maelekezo yaseme hivyo. Ichomeke kwenye soketi yenye kikata umeme, usiitie kwenye waya wa kuunganisha, na kila mwanzo wa baridi uipapase yote ukitafuta mahali palipochubuka au kuliwa na panya. Iliyochubuka inatupwa, hairekebishwi kwa tepu. Na kumbuka umeme ukikatika siku ya dhoruba, kebo imezimika. Kwa sababu hiyo kwangu kebo ni chaguo la pili baada ya valvu ya ndani: valvu haihitaji umeme.

SWALI: Rafiki yangu anatia chumvi kwenye koki. Mwingine ameshauri kimiminika cha rejeta ya gari. Unasemaje?

JIBU: Chumvi inakula chuma na haifiki barafu ilipo. Kimiminika cha rejeta ni sumu, watoto na wanyama wameshakufa kwa kukinywa, na ladha yake ni tamu, jambo linaloongeza hatari. Kisiingie kamwe kwenye bomba linalogusa maji ya kunywa. Hapa sina nusu nusu.

SWALI: Mimi bomba langu liko mbali na nyumba, limesimama peke yake karibu na zizi, lina mpini mrefu wa kunyanyua. Fundi aliyelifunga alisema haligandi. Mwaka huu limeganda. (Mfugaji)

JIBU: Bomba hilo linafanya kazi kwa wazo lilelile la koki ndefu, ila limesimamishwa wima. Valvu yake iko chini ya ardhi, chini ya kina ambacho baridi hufika. Ukishusha mpini, valvu inafunga, na tundu dogo lililo kando yake linafunguka ili maji ya kwenye nguzo yateremke yaingie kwenye kokoto zilizozikwa pale. Nguzo inabaki tupu mpaka juu.

Nakuuliza mambo matatu. Je, mnaacha mpira umefungwa mdomoni? Nguzo haiwezi kumwaga kama hewa haiingii juu. Je, kuna mtu anayelifungua nusu ili apate mkondo mdogo? Bomba hili ni wazi kabisa au limefungwa kabisa. Likiwa katikati, tundu la chini linabaki limeachia kidogo, maji yanavuja chini muda wote unaotumia, yanazoa udongo na kuuingiza kwenye kokoto mpaka panaziba. Na je, ardhi pale chini imelowa kila wakati? Basi kokoto zimeshajaa udongo au maji ya ardhini yamepanda, na nguzo haina pa kumwagia.

Jaribio ni rahisi. Siku isiyo na baridi, fungua bomba, funga, kisha weka kiganja mdomoni mara moja. Linapomwaga vizuri utahisi linavuta hewa. Usipohisi mvuto wowote, itabidi kuchimba na kubadilisha kokoto, na hiyo ifanywe wakati ardhi ni laini. Kwa sasa, kwa ajili ya mifugo, funika nguzo kwa sponji ya paipu na uzungushe matambara ya maji ya moto kuanzia mdomoni kushuka chini, kama nilivyomweleza binti wa kwanza. Usilipige nyundo. Nguzo ikipinda, fimbo ya ndani inakwama.

SWALI: Mama Fundi, tulifunga valvu ya ndani na kumwaga maji kama ulivyoelekeza mwaka jana. Baridi ikiisha tunafunguaje? Tunafungua tu? (Wanandoa wapya)

JIBU: Hapana, msifungue tu, na mmefanya vema kuuliza mapema. Ngojeni mpaka usiku nao uwe umeacha kuganda. Mchana wa joto unadanganya.

Siku hiyo muwe wawili. Mmoja ndani ahakikishe kile kifuniko kidogo cha kumwagia maji kimerudishwa na kukazwa. Mwingine nje apunguze koki mpaka ibaki wazi kidogo tu ili hewa itoke. Wa ndani afungue valvu polepole, robo mzunguko, asubiri, halafu aendelee. Hewa itakohoa kwenye koki na maji ya mwanzo yanaweza kuwa na rangi ya kutu. Yaacheni yapite mpaka yawe safi.

Maji yakishatoka kwa nguvu, wa nje azibe mdomo wa koki kwa kidole gumba huku koki ikiwa wazi kabisa. Presha ya kawaida itamshinda, maji yatamponyoka pembeni. Kama kidole kinaweza kuyazuia yote bila taabu, maji yana njia nyingine ya kutokea, na njia hiyo iko ukutani: wa ndani afunge valvu mara moja. Kama kidole kimeshindwa, fungeni mpira, wekeni kichwa cha kunyunyizia mbele yake na mkibane ili presha ijae kwenye mrija, kisha nyote wawili mwende ndani mpapase ukuta na kuangalia sakafu chini yake kwa dakika kadhaa. Mkiona unyevunyevu wowote, hata kidogo, fungeni valvu na msiitumie koki hiyo mpaka fundi aione. Pakiwa pakavu, mwagilieni bustani yenu.